Binti yangu anaingia darasa la saba: tumwandae vipi, nasi wazazi tujiandae vipi?

Mama wa Kampemba:

Ndugu zangu wazazi na walimu, nawasalimu. Binti yangu wa kwanza ana umri wa miaka 12, amefaulu ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, na mwezi wa Septemba ataingia darasa la saba. Kwa miaka yote sita amesoma katika shule ndogo iliyo karibu na nyumbani, ambako mwalimu mmoja alimfundisha kila kitu, akimfahamu yeye na kunifahamu mimi, kiasi kwamba akizembea au akiugua nilipata habari siku hiyohiyo. Shule ya sekondari tuliyompatia iko katikati ya mji wetu wa Lubumbashi, hapa Kongo, ina wanafunzi wengi sana, na amepangiwa zamu ya mchana.

Baba yake anafanya kazi Kolwezi na huja mwisho wa mwezi. Mimi nauza katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, hadi jioni. Mchana mtoto anaonyesha furaha, lakini usiku ananiuliza itakuwaje asipomwelewa mwalimu wa Kiingereza, au akikosa rafiki. Naomba mniambie nimfanyie nini katika majuma haya ya likizo yaliyobaki, na mimi mwenyewe nifanye nini. Maneno ya kunituliza nimeshayapata mengi. Nahitaji mambo ya kufanya.

Mwalimu wa Katuba:

Mama, pokea pongezi zangu kwa ajili ya binti. Nafundisha hesabu katika darasa la saba na la nane, na ninaloliona kila mwaka ni kwamba watoto wengi wanaoanguka darasa la saba hawaanguki kwa kukosa akili. Katika shule ya msingi kulikuwa na mtu mmoja aliyemwona mtoto mzima. Huku kwetu mimi namwona katika hesabu tu, mwenzangu anamwona katika Kifaransa, wa tatu katika historia, na kila mmoja anadhani mwingine ndiye anayejua kwa nini mtoto amenyamaza. Anayeweza kumwona mzima sasa ni wewe, na wazazi wengi hupunguza ufuatiliaji wakati huohuo, kwa kudhani kwamba mtoto wa sekondari amekwisha kuwa mkubwa.

Shughulikia ratiba kwanza. Siku atakayoipata, ainakili, aibandike ukutani, na kila jioni apange mfuko wake akiitazama, kila somo na daftari lake. Alizoea mwalimu anayewaambia watoto watoe daftari gani. Sasa kengele italia, mwalimu mwingine ataingia na kuanza kuandika ubaoni, na mtoto ambaye bado anatafuta daftari amekwisha kupoteza mwanzo wa somo. Ni jambo dogo, lakini ndilo linalowachosha watoto wapya kuliko ugumu wa masomo yenyewe.

Pili, tafadhali usisubiri buletini, yaani karatasi ya matokeo. Katika shule ya msingi mwaka una mihula mitatu, nawe umezoea kujua hali ya mtoto ifikapo Desemba. Sekondari ina mihula miwili, kila muhula na periodi zake mbili, na mitihani ya muhula wa kwanza hufanyika baada ya mwaka mpya, kwa hiyo mzazi anayesubiri matokeo hayo hupata habari wakati nusu ya mwaka imekwisha kupita. Njoo mwishoni mwa periodi ya kwanza, umwone mwalimu msimamizi wa darasa, uombe alama za kila somo. Hakuna mwalimu mwema atakayekukatalia, hata ukija na nguo zako za sokoni.

Katika likizo, mpe Kifaransa. Historia, jiografia na sayansi zote zitafundishwa kwa Kifaransa, na mtoto anayesoma polepole hupoteza masomo hayo yote kwa pamoja. Kila jioni asome ukurasa mmoja kwa sauti, kisha akusimulie kwa Kiswahili alichokisoma. Hata kama wewe hujui Kifaransa, masimulizi yake yatakuonyesha kama ameelewa au amepita juu ya maneno. Kwa upande wa hesabu nakuomba jambo moja tu, sehemu, yaani nusu, theluthi na robo, azijumlishe na kuzitoa bila hofu, kwa sababu aljebra itazihitaji tangu mwanzo. Kiingereza asikiogope, kwani wenzake wengi nao wataanzia mwanzo. Wala msimsumbue sasa kwa habari ya kuchagua tawi la masomo, maana hilo litakuja mwishoni mwa darasa la nane, pamoja na TENASOSP, mtihani wa taifa wa kuwaelekeza wanafunzi kwenye matawi ya masomo.

Yaya wa Bel-Air:

Mama, nakubaliana na mwalimu, lakini mimi ningeanza na njia. Kabla ya Septemba nenda naye shuleni kwa basi atakalopanda, na mrudi saa ileile ya jioni atakayokuwa akitoka, ili ajue mahali pa kusubiri na wapi asipite giza likiingia. Mvua zikianza hali ya barabara itabadilika, hivyo mtafutieni mapema mwanafunzi mwingine wa mtaa wenu wa kurudi naye.

Pia, kwa kuwa ni binti wa miaka 12, zungumza naye kuhusu hedhi kabla haijamkuta darasani. Awe na pedi ndani ya mfuko, na siku ya kumwandikisha omba kuona vyoo vya wasichana. Katika uwanja huohuo watakuwapo vijana wa miaka 17 na 18, kwa hiyo mwambie waziwazi kwamba hapaswi kupokea fedha kutoka kwa mtu yeyote, wala kwenda mahali pa faragha na mwanafunzi au mwalimu, na kwamba akikuletea habari ya namna hiyo hutamgombeza.

Papa wa Ruashi:

Naongeza habari ya fedha, kwa sababu ndiyo inayowarudisha watoto nyumbani. Elimu bure iliyoanza Septemba 2019 ni ya shule ya msingi. Ingawa sheria ya mwaka 2014 inahesabu darasa la saba na la nane ndani ya ile inayoitwa elimu ya msingi ya miaka minane, yaani sita ya shule ya msingi na miwili ya kwanza ya sekondari, minervali, yaani ada, ya sekondari bado inalipwa na mzazi. Omba orodha ya malipo kwa maandishi, uilinganishe na ile inayowekwa na gavana wa jimbo, utunze kila risiti. Kama kipato cha baba kinakuja mwisho wa mwezi, mwone prefe, yaani mkuu wa shule, mapema mkubaliane tarehe za kulipa. Mtoto asibebeshwe kazi ya kueleza deni la wazazi wake mbele ya darasa.

Kwa maoni yangu, shule iliyo karibu ingefaa zaidi kuliko hiyo ya mjini.

Mwalimu wa Katuba:

Papa, ukaribu una uzito, lakini Mama amekwisha kumpatia nafasi, na kumhamisha mtoto kwa sababu ya umbali peke yake, kabla hata hajajaribu, kunaweza kumwambia kwamba hatumwamini.

Mama wa Kampemba:

Nimewasikia wote, nawashukuru sana. Kumebaki jambo moja linalonisumbua: akisoma mchana, asubuhi yote atakuwa peke yake nyumbani na wadogo zake, nami nitakuwa sokoni. Nahofia kwamba kazi za nyumba zitakula muda wake wote.

Mama wa Kenya:

Mama mwenzangu, wangu alisoma zamu hiyo miaka miwili. Tuligawa asubuhi: maji na kufagia mapema, kisha vitabu kuanzia saa mbili hadi saa nne wakati akili haijachoka, na saa hizo hakuna aliyeruhusiwa kumtuma, hata bibi yake. Chakula alikipika usiku pamoja nami. Nawe siku ukimwona mwalimu msimamizi, uliza pia kama zamu hubadilishwa katikati ya mwaka, kwa sababu shule nyingine hukubali mzazi akiomba kabla orodha hazijabandikwa.