Tupeane uzoefu: nini kilikufanya ulikatae gari la mkononi, au ulichukue?

Mwanzisha mada
Wadau salaam. Mdogo wangu anatafuta gari lililokwisha tumika, na kila akiniletea picha namwambia picha haina mlio wala harufu. Sitaki orodha, hizo zimejaa kila kona. Nataka visa: ulifika, ukaona au ukasikia nini, ukaamua nini. Naanza mimi.

Nilikwenda kuona sedani ya petroli. Tangu jana yake nilimwomba muuzaji asiliwashe kabla sijafika. Kufika, naweka kiganja juu ya boneti, la moto! Eti alilisogeza kivulini. Injini haipati joto lile kwa kusogezwa kivulini. Injini ikiwa baridi ndipo unaisikia ilivyo: starta inayosuasua, cheni inayogonga kabla oili haijapanda, moshi wa bluu unaotoka ukiwasha tu kwa sababu sili za vali zimechoka na oili ilidondokea kwenye silinda usiku kucha. Ikishapata moto, mengi ya hayo yananyamaza. Nikamwambia nitasubiri lipoe. Akanuna, akasema kuna mteja mwingine yuko njiani. Nikampisha huyo mteja.

Spana Mkononi
Mkuu umegusa penyewe. Mimi ni fundi, wateja hunichukua tukaangalie pamoja. Juzi juzi nilifungua kifuniko cha oili nikakuta utando wa rangi ya maziwa kwa chini, dalili ya maji kuchanganyika na oili. Muuzaji tayari alikuwa na jibu: ni unyevu tu. Na kweli inawezekana, gari la safari fupi fupi kwenye baridi hufanya hivyo. Kwa hiyo sikubishana. Nikafungua rejeta (ikiwa baridi jamani, ya moto itawaunguza uso), nikamwambia awashe. Mapovu yakaanza kupanda, na kila akikanyaga mafuta yanazidi. Hewa ya kwenye silinda inapenya kuingia kwenye maji, gasketi ya silinda hedi imekwisha. Nyuma moshi mweupe, mzito, hauishi hata injini ilipopata joto. Mteja alikuwa ameshalipenda lile gari, rangi yake hasa. Tuliondoka naye kimya kimya.

Moshi mweusi haunitishi sana, mara nyingi ni mafuta kuzidi hewa, unaweza kuwa uchafu wa chujio la hewa au sensa. Bluu na mweupe ndiyo ya kukaa chini kuulizana.

Bi Usukani
Kwangu ilikuwa mita. Gari la miaka kumi na moja, mita inasoma kilomita 38,000. Wakaka wawili wananisifia: "Dada, hili lilikuwa la mzee, halitembei." Nikaangalia pedali ya breki, mpira umelika mpaka chuma kinachungulia upande wa kulia. Usukani unang'aa pale mikono inaposhika. Kiti cha dereva kimebonyea, cha abiria kimesimama kama kipya. Nikafungua mlango wa dereva nitazame pembeni, kwenye nguzo kuna kibandiko cha kubadili oili, kimechakaa lakini kinasomeka: huduma ijayo, 141,000.

Nikawaonyesha. Mmoja akasema hicho ni cha gari lingine. Kimebandikwa kwenye hili kufanya nini, hakusema.

Na mjue kusoma tairi. Pembeni kuna namba nne za mwisho ndani ya kile kiduara kirefu: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi mpya peke yake si hoja, hubadilishwa. Lakini gari la kilomita chache lenye tairi nne za kampuni nne tofauti, uliza limepitia wapi.

Abiria wa Mbele
Fupi. Geuza ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya eabegi iwake sekunde chache, kisha izime. Niliyoiona mimi haikuwaka kabisa na muuzaji akajisifu kwamba dashibodi haina taa hata moja. Isiyowaka kabisa ndiyo mbaya, huenda imekatwa ili usijue eabegi zilishafyatuka kwenye ajali na hazikurudishwa.

Mtu wa Chesisi
Nyongeza, msije mkanunua gari lililozama majini bila kujua: vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho wake. Watu husafisha viti, huosha zulia, humwaga manukato mpaka kichwa kinauma, lakini ule mkanda uliojikunja ndani ya nguzo huwa hawaukumbuki. Niliwahi kuuvuta nikakuta mstari wa tope umekata kulingana na kina cha maji. Kisha nikapitisha mkono chini ya kiti, reli zote kutu. Gari la hivyo litawaka leo na litakwenda vizuri. Shida ni soketi za nyaya, zinaliwa na kutu polepole, na miezi baadaye vioo havishuki, taa zinawaka zenyewe, na hakuna fundi anayejua aanzie wapi.

Halafu namba ya chesisi. Kwa magari mengi ni herufi na tarakimu 17, na humo hutakuta I, O wala Q, kwa sababu zinafanana na 1 na 0. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi zaidi, msishtuke. Usiisome kwenye kadi tu. Soma kwenye kibati, soma na ile iliyogongwa kwenye bodi. Nilikuta zinalingana zote, ila kuzunguka ile ya kwenye bodi kulikuwa na alama za kuchomelea chini ya rangi mpya. Hapo hubishani na mtu. Unasema nitakupigia, unaondoka.

Kimya Kingi
Mimi nililichukua. Mashine ya kupimia ilisema hakuna kosa, lakini fundi wangu akaangalia na yale majaribio ambayo kompyuta ya gari hujifanyia yenyewe. Karibu yote yalikuwa hayajakamilika, maana yake kumbukumbu imefutwa karibuni au betri ilichomolewa. Muuzaji, mama mtu mzima, akasema betri ni mpya, akatoa risiti ya wiki hiyo. Tukalitembeza mwendo mrefu, mlima na tambarare, tukapima tena. Safi. Bampa ya nyuma ilikuwa imepigwa rangi na alitwambia kabla hatujaiona. Mkanda wa taiming, ule wa kwenye injini, ulikuwa umefika muda wake wa kubadilishwa, tukakata gharama yake kwenye bei.

Mgeni Jamvini
Asanteni wakubwa. Mimi muuzaji anataka advansi leo ili asilitoe kwa mwingine. Gari sijaliona, kadi ametuma picha.

Mwanzisha mada
Usitume hata senti. Jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha huyo unayeongea naye. Kama ni dalali, mwenye gari awepo au awe na idhini ya maandishi. Kisha nenda kwa mamlaka ya usajili ukaulize kama gari lina mkopo, maana sehemu nyingi deni hufuata gari, na benki italichukua mikononi mwako. Ukiridhika, lipeni benki, siku hiyo hiyo mnayobadilisha umiliki.

Mgeni Jamvini
Nimemwambia hivyo. Kaniblok.