Wikiendi za Desemba: mpira, manunuzi ya sikukuu na siasa. Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za wikiendi. Naleta hoja moja na nitaisimamia: hapa Dar huwezi kutenganisha mpira, manunuzi ya sikukuu na siasa, kwa sababu vyote vinakutana Kariakoo. Simba wako Msimbazi, Yanga wako Jangwani, na katikati hapo ndipo nusu ya nchi inaponunulia nguo za watoto. Muuza jezi wa pale ukimgusa suala la kodi, atakuchambulia bajeti kuliko wabunge wengi.

Nianze mimi. Asubuhi ya Novemba 5, 2023 nilikuwa Kariakoo natafuta viatu vya shule. Winga (dalali anayepeleka wateja madukani) aliyenishika mkono alikuwa na jezi ya Yanga, mwenye fremu ya duka ni Simba damu, na bei yangu ikasimama hapo wakibishana nani atafungwa jioni. Jioni Yanga akamfunga Simba 5-1 kwa Mkapa. Niliporudi Jumatatu kubadilisha saizi, mtaa mzima unanyoosha vidole vitano, na mwenye fremu amekaa kimya nyuma ya maboksi. Sijawahi kuona soko likiuza kwa furaha na huzuni kwa wakati mmoja namna ile. Haya, na nyie leteni ya kwenu.

Mama wa Mbagala
Mimi mpira nawaachia. Kwenye manunuzi, wadada, Novemba ndiyo Krismasi yangu. Gauni la mtoto la elfu kumi na tano, ikifika tarehe 20 Desemba unatajiwa elfu ishirini na tano, na winga ameshaweka cha kwake juu. Sisi majirani tunachanga, tunachukua kwa jumla dazeni nzima, tunagawana nyumbani sebuleni. Na mkumbuke Januari ina ada na sare za shule. Mtoto akipendeza tarehe 25 halafu akakosa daftari tarehe 10, hapo hujamfanyia sikukuu.

Mwenye fremu, Kariakoo
Dada wa Mbagala, nakuelewa, ila nisikilize na mimi. Bei ya Desemba imebeba kodi ya pango, ushuru wa mzigo na miezi ambayo hatukuuza. Mei 2023 tulifunga maduka kwa sababu ya kamatakamata za kodi, mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akaja kutusikiliza Mnazi Mmoja. Juni 2024 tukafunga tena. Mtu hafungi duka lake kwa kupenda.

Halafu Novemba 16, 2024, Jumamosi asubuhi, ghorofa likaporomoka hapahapa kwetu. Walikufa watu zaidi ya ishirini, wengine ni watu tuliokuwa tunapeana chenji kila siku. Siku zile tulikuwa tunasimama nje ya kifusi tukipiga simu za wenzetu, zinaita tu. Kwangu mimi siasa ni hiyo: nani anaruhusu jengo lijengwe, nani anakagua, na ripoti ya ukaguzi inaishia wapi. Mgombea akija kuomba kura amevaa jezi ya timu yangu, namuuliza hilo kwanza.

Mwananchi wa Temeke
Hapo kwenye jezi umenigusa. Mimi ni Yanga, na mwaka 2023 tulipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika nililia. Lakini ile milioni 5 aliyokuwa akitoa Rais Samia kwa kila goli la klabu zetu kwenye mashindano ya kimataifa sikuipenda wala sasa siipendi. Wachezaji wana mishahara. Pale mtaani kwetu vijana wanacheza kwenye kiwanja kilichobaki robo, sehemu nyingine imeshajengwa. Hela hiyo ingeokoa viwanja kabla havijaisha.

Mshabiki wa Simba, Kimara
Mkuu, hapo nakupinga.
Hamasa nayo ni kitu. Goli la ugenini linaitangaza nchi. Ila kwenye viwanja vya mtaani niko na wewe asilimia mia.

Mtoto wa Rombo
Sisi wa Kilimanjaro Desemba tunakwenda "kuhesabiwa", yaani kurudi nyumbani kwa sikukuu na kukutana na ukoo. Kata tiketi mapema, kwa mtandao au ofisini, maana zikibaki siku chache wapiga debe wanakutajia nauli kubwa kuliko ile iliyopangwa. Nyumbani, mbuzi akiwa jikoni, wazee wanatuuliza barabara ya kijiji imefikia wapi, kana kwamba sisi wa mjini ndio tumeishika. Na ni haki yao kuuliza.

Mleta mada
Asanteni sana. Wa Mwanza na Mbeya hamjasikika. Nguo za watoto huko zinauzwaje wiki hii? Wekeni bei hapa.