Salmoni ya barafu, sangala au thomson: ipi kwa tumbo la FODMAP ndogo?

MwanaHimbi (Goma)
Jambo bandugu. Mgonjwa ameandikiwa chakula cha FODMAP ndogo, wiki 4. Salmoni huku ni ya barafu tu, na bei inauma. Inafaa tumbo kuliko sangala, tilapia au thomson (kibua wa barafu)? Na inapikwaje bila kitunguu?

Lishe_Bukavu
Kwa FODMAP, wote wanne ni sifuri. FODMAP ni sukari fupifupi zinazochachuka utumboni, na samaki ni protini na mafuta. Salmoni inawazidi sangala na tilapia kwa omega-3, tena hata ikipitiliza dakika moja motoni haikauki kama sangala. Ila mafuta hayohayo huwakimbiza wengine chooni, kwa hiyo anza na gramu 120.

Shida huingia na viungo. Vidonge vya supu: karibu vyote vina unga wa kitunguu. Samaki aliyekwisha kutiwa viungo kiwandani, soma karatasi yake kwanza. Puaro (liki) na seleri vinauzwa bega kwa bega sokoni, lakini havilingani: puaro tumia majani ya kijani tu, sehemu nyeupe imejaa fruktani, seleri ina manitoli (zote mbili ni FODMAP), iache. Nyanya, nusu moja kwa sahani.

Papa_Makala
Mimi naona ni rahisi: weka kitunguu kizima mchuzini, kikishatoa harufu kitoe.

Mama wa Katuba (Lubumbashi)
Hapana Papa, hapo ndipo watu wanapoumia. Fruktani inayeyuka kwenye maji. Kitunguu umekitoa, fruktani imebaki mchuzini. Kwenye mafuta haiyeyuki, ndiyo maana tunatumia mafuta ya kitunguu saumu:

Mafuta ya kula mililita 60, punje 4 za saumu zilizokatwa vipande vikubwa (ukisaga hutaweza kuchuja). Moto mdogo, dakika 5 hivi, mpaka kingo zianze kuwa za dhahabu. Zikiwa kahawia mafuta yanakuwa machungu, anza upya. Chuja, usibakize hata kipande. Nyanya na maji viingie BAADA ya kuchuja, kamwe si kabla.

Na usiyaache mezani. Saumu ndani ya mafuta, bila hewa, ni kitanda cha bakteria wa botulizimu (sumu kali ya chakula), na hutasikia harufu yoyote mbaya. Tumia siku hiyohiyo.

Kadutu_Jikoni (Bukavu)
Salmoni yenyewe: iyeyushe ndani ya firigo usiku mzima, usitumie maji ya moto. Ifute kwa kitambaa mpaka ngozi iwe kavu kabisa, la sivyo itashika kwenye kikaango. Chumvi, ngoja dakika 15, futa tena. Kwenye mbabula (jiko la makala) sukuma makala upande mmoja, kikaango kikae nusu juu ya makala, nusu nje. Kijiko 1 cha mafuta, ngozi chini, bonyeza sekunde 10 isijikunje. Kipande cha sentimita 2.5: dakika 5 au 6, geuza, dakika 2. Povu jeupe likitoka kwa wingi ubavuni, moto umezidi. Ni protini inayokamuliwa, mtu anaweza kula.

Sangala nampendelea ndani ya jani la mgomba: ndimu, tangawizi, majani ya puaro, kijiko cha yale mafuta ya Mama, dakika 15 hadi 20. Mvuke unamlinda. Sambaza (dagaa wa Ziwa Kivu) wa kukaanga, pakaza unga wa mahindi. Ngano ina fruktani.

Lishe_Bukavu
Thomson ni bei nafuu, lakini uliza kama umeme ulikatika. Akiyeyuka na kukaa kwenye joto anatengeneza histamini, na moto hauiondoi, wala kumgandisha tena. Uso mwekundu, kichwa kugonga, mwasho, kuhara ndani ya saa moja au mbili: hiyo si FODMAP. Wagonjwa wanafuta chakula kizuri bure kwa sababu ya samaki mmoja aliyelala vibaya.

MwanaHimbi
Asanti sana. Basi tilapia mbichi wa ziwani siku za kawaida, salmoni mara moja moja. Pembeni?

Mama wa Katuba
Viazi vya kuchemsha, wali, au bukari (ugali) ya mahindi. Maharagi ngojeni mpaka wiki 4 ziishe, kisha mjaribu vijiko 2 tu, peke yake, siku isiyo na jaribio la chakula kingine.

Papa_Makala
Na yale mafuta ya saumu, nikiyagandisha?

Mama wa Katuba
Ndiyo, yakishachujwa tu, kwenye vile visanduku vya barafu. Lakini umeme ukikatika yakayeyuka, mwaga.