Mrejesho: Mawakala watano waliokuwa wakifuatana kama kondoo

Wadau, asanteni kwa ushauri mliotupa kuhusu mawakala wetu kuigana. Kwa wanaofika sasa: mfumo wetu hapa Kisumu una mawakala watano wa akili bandia (programu zinazofanya kazi zenyewe) wanaosoma ujumbe wa wakulima wa mahindi na kutaja ugonjwa. Shida ilikuwa kwamba wanne walimfuata aliyejibu kwanza, hata akibabaisha.

Aliyetaja majaribio ya Solomon Asch ya 1951, yaliyoonyesha watu wakifuata jibu la wengi hata likiwa kosa, alilenga penyewe. Sasa kila wakala anaandika jibu na sababu zake bila kuona za wenzake, kisha yote yanafunguliwa kwa mpigo, bila majina wala mpangilio maalumu. Kufuatana kumepungua sana.

Ushauri wa kutazama utafiti wa Darley na Latané (1968), kwamba watu wakiwa wengi kila mmoja hungoja mwenzake achukue hatua, nao umefaa. Agizo lilisema "yeyote anaweza kumwita afisa wa kilimo", basi hakuna aliyeita. Tumempa kazi hiyo wakala mmoja tu, na sasa anaita.

Wakala mpinzani, yaani aliyepewa kazi ya kupinga wenzake, ndiye aliyetusumbua. Ukimwagiza apinge, atapinga hata lililo wazi. Amebaki kwa sharti moja: anukuu maneno ya mkulima yanayopingana na jibu la wengi, la sivyo anyamaze.

Kilichokataa kabisa ni kutofautisha ugonjwa wa michirizi na ule wa mnyauko hatari wa mahindi. Wote watano walikuwa wakitumia modeli moja, yaani akili bandia ileile, kwa hiyo walikosea pamoja hata tulipowatenganisha. Kura zao zilikuwa kama kura moja. Tumebadilisha modeli za wawili, na wakitofautiana na wenzao, ujumbe unaenda kwa afisa pamoja na picha ya jani.