Malengelenge yaliyovuka uti wa mgongo: mkanda wa jeshi au mpox?

Tabibu, Kasese
Waheshimiwa, nimempokea mwanamume wa makamo anayeishi na virusi vya Ukimwi, ambaye aliacha dawa. Ana mkanda wa jeshi ubavuni, lakini malengelenge yamevuka uti wa mgongo, na mengine yametapakaa usoni na miguuni, baadhi yakiwa yameshafanya magamba meusi. Kwa kuwa mpox, ugonjwa wa virusi uliokuwa ukiitwa ndui ya nyani, ilithibitishwa katika wilaya yetu hapa Uganda mwaka 2024, wenzangu wamekwisha kuamua kwamba ni yenyewe. Je, mkanda wa jeshi huweza kuenea hivi?

Daktari wa ngozi, Mbarara
Huweza, ndugu. Kwa mwenye kinga timamu, upele hufuata eneo la neva moja, upande mmoja wa mwili. Kinga ikidhoofika, virusi huingia katika damu, na malengelenge yakizidi 20 nje ya eneo la mwanzo na yale yanayopakana nalo, huhesabiwa kuwa mkanda wa jeshi uliosambaa, ambao huweza kufika mapafuni, kwenye ini na hata ubongoni. Muulize kama maumivu ya kuchoma yalitangulia upele ubavuni. Mimi hukiamini kidokezo hicho kuliko sura ya upele wenyewe. Mitoki huelekeza kwenye mpox, ingawa kukosekana kwake hakuiondoi. Kagua pia ncha ya pua, kwani lengelenge hapo ni onyo kwamba jicho limo hatarini.

Mtaalamu wa maabara, Entebbe
Kwa mgonjwa wa namna hii, macho peke yake hayatoshi. Fungua lengelenge, sugua kitako chake kwa kijiti cha pamba, uchukue na gamba; damu haitegemewi sana kwa mpox, maana virusi hukaa humo muda mfupi. Omba PCR, yaani kipimo kinachotafuta chembe za urithi za virusi, kwa virusi vyote viwili, vya mkanda wa jeshi na vya mpox, kwa sababu wapo wagonjwa waliokutwa navyo pamoja. Mjulishe ofisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya kabla sampuli haijaondoka.

Tabibu, Kasese
Nashukuru. Anasema ubavu ulimwaka siku kadhaa kabla ya upele. Je, nisubiri majibu ndipo nianze dawa?

Daktari wa ngozi, Mbarara
Usisubiri. Mtenge na wagonjwa wengine, kisha umpe rufaa apate asaiklovia, dawa ya kupambana na virusi vya mkanda wa jeshi, kwa njia ya mshipa, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kila baada ya saa 8, huku figo zikifuatiliwa. Dawa za kupunguza makali ya virusi arudishiwe baada ya kuchunguzwa kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu aitwaye kriptokokasi.