Nimechaguliwa mweka hazina wa jengo nikiwa nje naongea na simu. Nikubali au nikimbie?

Wakuu, habarini.

Nina apatimenti Upanga, jengo la ghorofa sita, familia 24. Jumapili nilitoka kikaoni kupokea simu. Narudi, napigiwa makofi. Mweka hazina wa umoja wa wamiliki! Nikapewa kaunta buku na risiti kwenye bahasha ya kaki. Walinzi wanadai mshahara wa mwezi, lifti imelala, LUKU ya pampu ananunua yeyote aliyezidiwa na kiu. Wamiliki tisa hawajachangia tangu Januari, mwenyekiti akiwemo. Na ndiye anayetaka tuwakatie maji wadaiwa! Wajibu wangu unaanzia wapi?

Mzee wa Madaftari: Hongera na pole. Usiguse hata shilingi kabla ya makabidhiano ya maandishi: salio la benki, madeni, mikataba. Msaini wewe na aliyeachia. Mimi nilipokea kwa mdomo, nikajikuta nadaiwa na fundi pampu nisiyemjua hata sura.

Wakili wa Kijiweni: Huo si umoja wa kufa na kuzikana, mkuu. Kama kila mmoja ana hati ya sehemu yake ya jengo, mko chini ya Sheria Na. 16 ya 2008, ile ya umiliki wa sehemu za majengo (Unit Titles Act). Paa, ngazi, lifti ni mali ya wote, na kuvitunza ni kazi ya umoja, sio hisani ya mwenyekiti. Ulizia na bima ya jengo, hiyo wengi huisahau mpaka moto uwake. Wadaiwa waandikie barua za madai. Maji usikate kwa amri ya mtu mmoja.

Mama wa Ghorofa ya Tano: Hela isipite kwenye simu yako, hata siku moja! Akaunti ya umoja, watia saini watatu, wawili wakikubaliana ndo itoke. Kila mwisho wa mwezi bandika mapato, matumizi na madeni kwa namba za nyumba. Bandika kwenye ngazi. Lifti si imelala, watapita wote.

Nimeponea: Jiuzulu leo. Jirani wa mlango wa pili hanisalimii mpaka kesho, kisa elfu sabini.

Mleta uzi: Mrejesho. Nimebandika asubuhi. Saa nne mwenyekiti katuma nusu, nusu nyingine anasema ikatwe kwenye posho yake ya vikao.

Wakili wa Kijiweni: Hiyo posho ipo kwenye katiba yenu?

Mleta uzi: Katiba yenyewe ndo naitafuta, mkuu. Kwenye bahasha haimo.