Mshipa uliotuna kichwani, milimita 4: kusubiri, koili au klipu?

Mtepe: Wakuu, naombeni ushauri. Mama ana miaka 58, alipigwa picha ya kichwa (MRI) kwa sababu ya kizunguzungu. Kizunguzungu kimeonekana ni cha sikio, ila ripoti imetaja aneurizimu ya milimita 4 kwenye ateri ya kati ya ubongo, haijapasuka. Tumepewa njia tatu: kufuatilia kwa picha, koili au klipu. Nyumbani hatulali.

Bombo_Dk: Pole sana. Kwanza, si kansa. Ni ukuta wa mshipa uliolegea ukatuna. Karibu watu wazima 3 kati ya 100 wanayo, na wengi huzikwa nayo bila kujua. Utafiti wa kimataifa wa ISUIA wa 2003 ulifuatilia walio na ndogo ya chini ya milimita 7 kwenye mishipa ya mbele, ambao hawajawahi kuvuja damu kichwani: haikupasuka hata moja katika miaka 5. Za mishipa ya nyuma zilipasuka kwa asilimia 2.5. Ndogo pia hupasuka, tunazipokea wodini, kwa hiyo namba hiyo isiwalaze usingizi moja kwa moja.

BintiMaweni: Dada yangu alikuwa na milimita 9, akawekewa koili. Mrija ulipita kinenani hadi kichwani, wakajaza nyaya laini za platinamu ndani ya uvimbe. Fuvu halikuguswa, alipona haraka. Ila anarudi kupigwa picha kila wanapomwita, maana nyaya zinaweza kujibana damu ikaingia tena.

Mzee_Kilwa: Klipu ni kufungua fuvu na kubana shingo ya uvimbe. Kupona ni wiki kadhaa, lakini ikikaa vizuri ni nadra tatizo kurudi. Kwa ateri ya kati madaktari wengi huipendelea.

Bombo_Dk: Sahihi. Ila hatari ya upasuaji inamkuta mgonjwa siku hiyohiyo. Ya kusubiri imetawanyika miaka mingi. Mtepe, presha ya mama ikoje? Anavuta sigara? Kuna ndugu wa damu aliyewahi kuvuja damu kichwani?

Mtepe: Sigara hapana, ndugu hakuna. Presha 160/95, dawa anameza akijisikia vibaya tu.

Bombo_Dk: Basi dawa kila siku, kuanzia leo. Hilo lina uzito kuliko koili na klipu kwa sasa. Mimi ningesubiri, nirudie picha ya mishipa baada ya miezi 6 hadi 12. Ikikua au ikibadilika umbo, ndipo mzungumzie upasuaji. Kichwa kikimuuma ghafla kuliko maisha yake yote, au kope ikashuka, hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane.